Bakuli la kioo badala ya sufuria: kisa cha mkate wa kumimina uliobonyea

Mpishi wa kisa hiki anauza vitafunio na vitamu kutoka nyumbani kwake, katika mji mmoja wa pwani. Ameniruhusu nikiandike ili wanaojifunza kuoka wafaidike nacho. Majina yake na ya mteja, pamoja na la mji, nimeyaondoa; vipimo na mfuatano wa mambo nimeviacha kama vilivyokuwa.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu mpishi huyu hakukosea pale wengi wanapokosea. Alipima. Alihakikisha bakuli jipya linachukua rojo lote na kubakisha nafasi ya kuumuka. Hata hivyo mkate uliharibika, na mtu anayejua kwamba kubadilisha chombo ni hesabu ya ujazo tu hataweza kueleza kwa nini.

Usuli

Mkate wa kumimina, ambao Mombasa wengi huuita mkate wa sinia, hauna ngano ndani yake. Mchele hulowekwa usiku kucha, ukasagwa pamoja na tui zito, sukari, iliki na hamira mpaka rojo liwe laini kabisa. Rojo huachwa liumuke, likatiwa ute wa yai, kisha likamiminwa chomboni. Ulioiva sawasawa ukiukata unaona matundu yaliyosimama wima kutoka chini hadi juu. Chini una ukoko mwembamba wa rangi ya dhahabu, na katikati ni laini wenye unyevu wa nazi. Mlaji wa pwani huutazama ubavu kabla hajauonja: matundu yakikosekana, amekwisha kuhukumu.

Kipimo cha mpishi wetu ni vikombe 2 vya mchele, kikombe 1 na nusu cha tui, robo tatu kikombe ya sukari, kijiko 1 cha chai cha hamira na ute wa yai 1. Rojo hilo kabla ya kuumuka ni kama mililita 900. Siku zote hulipika katika sufuria ya alumini isiyo na mikono, yenye kipenyo cha sentimita 24 na kimo cha sentimita 7. Huipaka mafuta, huiweka juu ya gesi kwa moto mdogo mpaka ishike moto, humimina rojo, na kuliacha dakika kama 5 mpaka pembeni paanze kutoa mapovu. Hapo ndipo huihamishia kwenye oveni ya umeme iliyokwisha kufika nyuzi 180, kwa dakika 30 hadi 35.

Mwendo huo haukuzuka hivi hivi. Kabla ya oveni kuenea majumbani, mkate huu ulipikwa kwa makaa. Sufuria ilikaa jikoni, moto wa chini ukatangulia kulishika rojo, kisha ikafunikwa na makaa yakapaliwa juu ya kifuniko. Oveni imechukua kazi ya makaa ya juu. Zile dakika 5 za kwenye gesi ndizo makaa ya chini, na ni sehemu ya mapishi sawa na hamira.

Oda

Ilikuwa Ramadhani. Mteja, mama mtu mzima ambaye hununua kwake mara kwa mara, alikuwa na wageni wa futari na akaleta mabakuli yake mawili ya kioo ya mstatili. “Mwanangu, nipikie humu humu,” alimwambia, “niutoe nao mezani, wageni wajikatie vipande.” Mpishi akajibu, “Sawa, mama, usijali.”

Baada ya mama kuondoka alifanya jambo la busara. Alipima ndani ya bakuli: sentimita 28 kwa 18, kimo 5. Eneo la kitako ni sentimita za mraba 504. La sufuria yake ya duara ni 452, yaani nusu kipenyo mara nusu kipenyo mara 3.14. Rojo lake lingelala kwa kina cha sentimita 1.8 badala ya 2, tofauti isiyotisha mtu. Akajaza maji bakuli moja kwa kikombe cha kupimia na likameza zaidi ya lita 2. Nafasi ya kuumuka ipo. Akaamua kutumia kipimo kile kile, moto ule ule na muda ule ule, bakuli moja baada ya jingine.

Hatua ya gesi aliiondoa, kwa kuwa bakuli la kioo haliwekwi juu ya moto wa wazi. Alikuwa sahihi kabisa kutoliweka. Lakini aliiondoa hatua ile bila kuweka kitu mahali pake, kwa dhana kwamba oveni itafidia.

Yaliyotokea

Marojo yote mawili yalisagwa saa 7 mchana. Yalipoumuka, la kwanza likamiminwa kwenye bakuli la kioo lililopakwa mafuta, bakuli likiwa na ubaridi wa chumba, na kuingizwa kwenye rafu ya kati, nyuzi 180.

Dakika ya 20 alichungulia. Katika sufuria, wakati huo uso huwa umekwisha kushika na pembeni pameanza kuachia. Kwenye kioo bado kulikuwa na rojo linalotikisika, na mapovu makubwa yakipasuka juu moja moja. Akafunga oveni akasubiri.

Dakika ya 35 pembeni palikuwa pameganda, katikati panacheza na juu peupe pe. Hapa akafanya uamuzi wa pili: alipandisha moto hadi nyuzi 200 na kulihamishia bakuli rafu ya juu ili lipate rangi. Nilipomuuliza sababu aliniambia kwamba saa ilikuwa inakwenda, rojo la pili lilikuwa linaendelea kuumuka mezani, na machoni pake tatizo lilikuwa ule weupe wa juu.

Dakika ya 45 rangi ilikuwa imekuja, na ilikuja vibaya. Pembe nne za bakuli zilikuwa za kahawia iliyokolea, na ubavuni kupitia kioo mkate ulionekana umeanza kukauka. Kijiti alichochoma karibu na ukingo kilitoka kikavu. Cha katikati kilitoka na utepe wa rojo bichi. Akafunika kwa karatasi ya alumini, akashusha moto hadi 180, na kuutoa dakika ya 60.

Ulipopoa katikati ulibonyea. Alipokata kipande cha pembeni aliona tabaka tatu. Chini kulikuwa na karibu sentimita 1 ya kitu kizito, chenye mng’ao na kinachonata. Juu yake palikuwa na matundu machache yaliyolala ovyo, na juu kabisa ngozi ngumu. Ukoko wa chini haukuwapo kabisa.

Uamuzi wa rojo la pili

Sehemu hii ndiyo inayonipendeza zaidi. Wengi wangelimimina rojo la pili kwenye bakuli la pili na kuomba mambo yaende vizuri.

Kwanza, dakika ile ya 35 alipoona mambo yameharibika, aliliweka rojo la pili kwenye friji. Hamira katika ubaridi hupunguza kasi, na hilo lililiokoa lisichache. Rojo la mchele likipitiliza huumuka, likashuka, likawa na harufu ya uchachu ambayo sukari haiwezi kuifunika.

Pili, alikataa kulitia rojo hilo baridi kwenye kioo. Alifikiria kulipasha bakuli tupu ndani ya oveni kwanza, ili lifanye kazi ya sufuria iliyoshika moto, kisha akaacha. Aliacha vyema. Kioo cha oveni huvumilia joto kali. Kinachokivunja ni joto kubadilika ghafla. Sehemu iliyopoa hunywea wakati iliyo jirani yake bado imetanuka, na mvutano huo hukipasua. Vyombo vya kwanza vya namna hii vilivyouzwa Marekani kwa jina la Pyrex mwaka 1915 vilikuwa vya kioo cha borosiliketi, ambacho hutanuka kidogo sana kwa joto. Mabakuli mengi yanayouzwa leo ni ya kioo cha kawaida kilichokazwa kiwandani, kigumu zaidi kikidondoka lakini kisichopenda mshtuko wa joto. Kumimina rojo la kutoka friji kwenye kioo cha nyuzi 180 ni kujitafutia vipande vya chupa ndani ya chakula cha watu.

Tatu, alitafuta chuma. Alikuwa na trei ya alumini ya biskuti, sentimita 30 kwa 20, yenye ukingo wa kutosha. Eneo lake ni 600, hivyo rojo lingelala kwa kina cha sentimita 1.5. Aliliacha rojo lirudi kwenye joto la chumba, akalikoroga vizuri, akaipasha trei juu ya gesi kwa moto mdogo huku akiizungusha kwa kuwa meko haikutosha urefu wake, akamimina, akangoja mapovu, akaipeleka oveni nyuzi 180. Kwa kuwa kina kilikuwa kidogo alianza kuangalia mapema, akautoa dakika ya 27. Ulipopoa aliukata vipande vya mraba na kuvipanga ndani ya bakuli la mteja.

Matokeo

Bakuli moja lilimfikia mama kabla ya magharibi, vipande vikiwa vimepangwa, matundu yote yakionekana. Mpishi alimpigia simu mapema kumweleza kwamba mkate wa bakuli jingine, ule uliobonyea, haufai kupelekwa kwa wageni. Mchele mwingine wa kulowekwa na kusagwa siku ile ile haukuwapo. Mkate wa kufidia aliupika kesho yake katika trei ile ile na kuupeleka kwa nusu bei. Mteja hakumwacha, alimwambia angemweleza tangu mwanzo, angeridhika na vipande.

Uchambuzi

Kupima ujazo na eneo kulikuwa sahihi, na mtu asitoke hapa akidhani ni kazi bure. Ukihamisha keki kutoka tini ya duara ya sentimita 20 kwenda ya mraba ya 18, maeneo yanakaribiana sana, 314 na 324. Duara la 23 linakaribiana na mraba wa 20. Hesabu hiyo inakuambia rojo litakaa kwa kina gani, na kina ndicho kinachotawala muda: rojo likilala kina kirefu zaidi, joto linachelewa kufika katikati na pembeni panaungua likiwa njiani. Mpishi alilijibu swali hilo vizuri. Yalibaki maswali mawili ambayo hakuyauliza: chombo kipya kinapitishaje joto, na mapishi yanataka joto liingilie upande gani kwanza.

Alumini hupitisha joto zaidi ya mara 100 kuliko kioo. Sufuria yake ikiguswa na moto, kitako chote kinajua papo hapo. Kioo hujivuta. Kinachukua muda mrefu kushika joto, na kikishalishika hakiliachii upesi. Ndiyo maana bakuli lile lilionekana halifanyi kitu kwa nusu saa, halafu likaunguza pembe ndani ya dakika 10. Zaidi ya hapo, kioo hupitisha sehemu ya mionzi ya joto inayotoka kwenye koili za oveni, ikafika moja kwa moja kwenye ubavu wa mkate. Na bakuli lenye pembe hupokea joto pande mbili kwa pamoja katika kila pembe, jambo ambalo sufuria ya duara haina.

Kuchelewa huko kungeudhi tu kama lingekuwa rojo la keki ya siagi. Kwa mkate wa kumimina kunaua. Mchele uliosagwa hauyeyuki kwenye tui. Ni chembe zinazoelea, na zikiachwa zimetulia huzama. Katika sufuria iliyoshika moto rojo la chini huganda mara linapogusa chuma, chembe zinanaswa zilipo, na gesi ya hamira inapanda ikichimba yale matundu ya wima. Katika kioo baridi hakuna kinacholishika. Chembe zilikuwa na zaidi ya dakika 20 za kushuka, na ndizo zilizofanya lile tabaka la kunata. Kwa kuwa mchele hauna nguvu ya kunyumbuka kama ngano ya kuzuia gesi, mapovu yaliungana, yakawa makubwa, yakapasukia juu. Hamira hufa joto likifika nyuzi 55 hadi 60, na wanga wa mchele hushika baada ya hapo kidogo. Ukiyavuka madaraja hayo mawili haraka, gesi inabaki ndani. Ukiyavuka polepole, hamira imekwisha kufa, gesi imekwisha kutoka, na wanga unaganda juu ya rojo lililolala.

Uamuzi wa kupandisha moto dakika ya 35 naona ulikuwa mbaya kuliko ule wa kwanza. Weupe wa juu ulikuwa dalili. Ugonjwa ulikuwa chini, na rafu ya juu ndiyo sehemu ya oveni iliyo mbali zaidi na chini. Kama angelishusha bakuli rafu ya mwisho na kuuacha moto ulivyo, mkate ungeiva mzito lakini usingekuwa mgumu pembeni. Anayeoka kwenye kioo hushusha moto: ukihama kutoka chuma kwenda kioo, punguza kama nyuzi 15 na uongeze muda. Yeye alikwenda kinyume.

Alilofanya vyema zaidi, kwa maoni yangu, ni kutenganisha matakwa ya mteja. Mama alitaka mkate uonekane mezani ndani ya bakuli lake na wageni wajikatie. Kupikiwa humo ilikuwa njia aliyoijua ya kulipata hilo, basi. Mpishi alipoliona hilo, chombo cha kupikia na chombo cha kuandalia vikaacha kuwa kitu kimoja, na tatizo likawa dogo.

Jaribio la baadaye

Tulikaa naye jikoni baada ya Idi kutafuta kama mkate huu unaweza kuokwa kwenye kioo ukakubalika. Unaweza, kwa masharti.

Lililosaidia kuliko yote ni kusaga vijiko 3 vya wali uliopikwa pamoja na mchele mbichi, kama wanavyofanya baadhi ya wapika vitumbua. Wanga uliokwisha kuiva hulifanya rojo liwe zito kidogo na chembe zisishuke upesi. Tui tulilitia la vuguvugu, na rojo tulilikoroga hadi chini ya bakuli la kusagia kabla tu ya kulimimina, kwa sababu hata dakika chache za kusimama zinatosha kuacha mashapo. Bakuli la kioo tulilisuuza kwa maji ya vuguvugu na kulikausha, lisiwe baridi wala moto. Oveni ilikuwa imefika nyuzi 165, bakuli rafu ya chini kabisa, kina cha rojo kisizidi sentimita 1.5. Ulichukua karibu dakika 50. Tuliutoa katikati pakiwa bado na ulaini kidogo, maana kioo huendelea kupika kikiwa nje.

Matundu yalipatikana, madogo kuliko ya sufuria. Tabaka la kunata halikuwapo. Ukoko wa chini haukuja kwa namna yoyote, na mimi kwangu mkate huu bila ukoko umepungukiwa. Mpishi anaona wageni wengi hawatagundua wakila na chai. Hatukukubaliana, na kila mmoja amebaki na lake.

Vitamu vingine na kioo

Basbousa, ile keki ya semolina, iko kundi moja na mkate wa kumimina: inataka chini pashike rangi, hivyo trei ya alumini ndiyo yake, na ukilazimika kutumia kioo iweke rafu ya chini kwa muda mrefu zaidi. Pudini ya mkate na kastadi ya kuoka ni kinyume chake. Mayai na maziwa hukatika yakipata joto la ghafla, na hapo uvivu wa kioo unakuwa faida. Kwa hivyo mimi huchagua kioo au kauri bila kusita. Karameli ya kumwaga ikiwa inachemka nisingeitia kwenye kioo baridi hata kidogo.

Mkate wa mayai ndio ninaousihi watu wasiuhamishe ovyo. Hauna siagi wala hamira. Umesimama juu ya hewa uliyoipiga ndani ya mayai, na hewa hiyo inavuja kila dakika unayochelewa kuugandisha. Upike kwenye tini ya chuma chepesi. Kama tini uliyonayo ni ndogo, jaza theluthi mbili tu, na rojo lililobaki lipike kwa wakati huo huo kwenye vikombe vya keki ndogo, kwa kuwa halitaweza kungoja zamu ya pili.